Komisionere Aliyetaka Ufunguo

Usinicheke kwanza. Ukitaka kucheka, ngoja nimalize, halafu ucheke ukiwa umesimama mbali na miye, kwa sababu mukono wangu ni mwepesi. Hiki ninachokueleza kilinipata miye mwenyewe, si jirani, wala si mutoto wa shangazi ya mutu fulani. Kilinipata Nchelenge, upande wa Kabuta, miaka ya tisini ilipokuwa inaisha, wakati vita vya pili vilikuwa vimetusukuma watu wa Congo mpaka majini. Na kilinipata muchana. Watu wanapenda kusema mambo haya ni ya usiku. Miye nakuambia jua lilikuwa juu, chisense, dagaa wetu wa ziwani, zilikuwa zinakauka kwenye muchanga, na kichwa changu kilikuwa kizima.

Miye ni mutu wa Kilwa. Kilwa ya Congo, si ile ya Tanzania. Yetu iko kwenye maji ya ziwa Mweru, na ukisimama Nchelenge, upande wa Zambia, unaonyesha kwa kidole, kwetu ni kule, hata kama huoni kitu. Nilikuwa muchuuzi. Nilivuka na samaki, nikarudi na sabuni, chumvi na vitenge. Bwana yangu Ilunga alikuwa anashona nyavu za watu, na mama yangu muzazi alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mutoto tulikuwa hatujapata bado. Safari ile ya mwisho niliondoka asubuhi tu, kama kawaida. Hata kuagana na Ilunga vizuri hatukuagana, nilimuambia, "Funika maji, nzi wanaingia," nikaenda zangu. Nilipokuwa soko la Nchelenge habari ikafika kwamba askari wameingia upande wetu na hakuna mutumbwi unaovuka tena. Maneno yangu ya mwisho kwa bwana yangu yalikuwa ya nzi. Hebu fikiria.

Nilichobaki nacho cha kwetu ni ufunguo. Nyumba yetu ilikuwa na funguo mbili, mumoja kwa Ilunga, mumoja kwangu, maana muchuuzi anarudi saa yoyote. Nilikuwa naufunga kwenye pembe ya kitenge, na nilikuwa nalala nao.

Nilipokelewa na mama mumoja wa Kabuta, BanaChomba, ndiyo kusema mama ya Chomba, muke wa muvuvi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samaki tu. Alijua bei, alijua "ongeza", alijua "weye mwizi". Mengine yote tulisema kwa Kibemba changu kibovu, naye alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Alinipa kulala jikoni, ile nyumba ndogo ya kupikia nyuma ya nyumba kubwa. Mutu muzuri kabisa yule mama. Lakini mvua zilikuwa zinakaribia, na wakwe zake walikuwa wanakuja kutoka Mansa, na siku moja akaniuliza kwa upole, akiniita mama kwa Kibemba, "Mayo, wageni wangu watalala wapi?" Nikaelewa.

Tena nilikuwa na sababu yangu mwenyewe. Ilunga ni mutu wa aibu. Nilijua akivuka na kunikuta nalala jikoni ya watu, atasema turudi hata kama kule risasi zinalia. Nilijiambia hivi: nipate chumba, niweke mukeka, niweke sufuria, halafu watakuja, yeye na mama. Kichwani mwangu ilikuwa kwamba nyumba njo itakayowaita. Usiku nilipanga hata upande wa kulala mama. Unaweza kuniita mujinga, lakini weye umewahi kulala peke yako ukipangia watu ambao hujui kama wanapumua?

Sasa, kupanga nyumba Nchelenge wakati ule! Kwetu Congo mutu akitafuta nyumba hamutafuti mwenye nyumba. Anamutafuta komisionere, mutu wa kati, yule anayekupeleka, anafungua, anasifu ukuta, halafu unatoa garanti, falanga ya miezi mizima, kabla haujaingiza hata kijiko. Upande wa Zambia walikuwa wanaongea na mwenye nyumba uso kwa uso tu. Lakini wezi ni wepesi wa kujifunza. Walipoona Wakongomani tumezoea kumupa falanga mutu asiye mwenye nyumba, soko lote likajaa makomisionere. Karatasi zikabandikwa kwenye ukuta wa soko, na kwenye miti pale ambapo minibasi za Mansa zinapakia watu. Nyumba iko, bei nafuu, haraka, haraka.

Miye sikuliwa hata mara moja, nakuambia bila kujisifu. Bon, na kujisifu kidogo. Kijana mumoja alinipeleka kwenye nyumba nzuri ya malata, yale mabati ya paa, akasema ni yake, halafu kabla ya kuingia akapiga odi. Nikamuuliza, "Weye mwenye nyumba, unamupigia nani odi nyumbani kwako?" Alikimbia na kiatu kimoja. Kumbe nyumba ilikuwa ya mwalimu aliyekwenda kilioni, na vijana walikuwa wameshaipangisha kwa wamama kadhaa, kila mumoja na garanti yake. Mwingine hakutaka nione ndani, eti ufunguo uko kwa dada yake. Mwingine akasema kuna mutu anakuja jioni hii na falanga mukononi, niamue upesi. Nikamuambia, "Mungoje huyo, bahati yako hiyo."

Wamama wa Congo wakaanza kuniita niwaangalizie. Nilikuwa naingia jikoni kwanza, natazama majivu, kama ni ya leo basi nyumba ina mutu na huyu anatudanganya. Nilikuwa natazama jirani anavyosalimia. Mwenye nyumba wa kweli, jirani anamulalamikia mbuzi wake. Mwizi, jirani anamutazama tu. Wakanipa jina, Mama Polisi. Nililipenda.

Aliyekuwa karibu na miye kuliko wote ni Mama Adele, mutu wa Pweto. Adele ni mutoto wake wa kike, alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Siku ya kukimbia walisukumwa kwenye mitumbwi, mama huku, mutoto kule, na ule mutumbwi wa mutoto hakuna aliyejua umefikia wapi. Mama Adele hakuwa analia. Alikuwa anasuka. Alisuka nywele za kila mutoto wa Kabuta, bure, hata wale wasiotaka, alikuwa anawakamata. Naye alikuwa bado na ufunguo wa nyumba yake shingoni, kwenye kamba. Wengi wetu tulikuwa nao, ukitupita sokoni ulikuwa unausikia ukilia.

Siku moja tunapita ukuta wa soko, naona karatasi mupya, imeandikwa Kiswahili, Kiswahili cha kwetu kabisa. Nikasimama. Nyumba ya vyumba viwili, baraza linatazama ziwa, mulango wa kijani. Bei hawakuandika. Nyumba yangu ya Kilwa ilikuwa na mulango wa kijani, Ilunga aliupaka rangi iliyobaki kwenye mutumbwi wa watu. Nikamuonyesha Mama Adele.

"Mulango wa kijani uko wapi?" akasema. "Wameandika nyumba karibu na kisima, na muti wa kukalia mutoto."

"Weye ulisoma shule ya mbuzi," nikamuambia.

"Na weye macho yako yameliwa na moshi wa BanaChomba."

Tukacheka, tukaenda kutafuta chumvi. Leo najiuliza kwa nini hatukurudi pale kusoma pamoja, neno kwa neno, kidole juu ya karatasi. Lakini njaa ilikuwa inauma, na nani anagombania karatasi?

Kesho yake nilikuwa nageuza chisense za BanaChomba kwenye muchanga, wavuvi wote wamelala, jua linachoma. Mutu akaja anasukuma baisikeli. Alikuwa wa umri wangu, shati safi, kofia mukononi, adabu zote.

"Jambo yako, mama."

"Jambo, tata."

"Njo weye unatafuta nyumba ya mulango wa kijani?"

Sikuwa nimemuambia mutu zaidi ya Mama Adele. Lakini komisionere anasikia kila kitu, hiyo njo kazi yake. Nikamuuliza bei. Akasema, "Tuende uone kwanza, mama. Falanga haiko kitu."

Hapo nilipaswa kumufukuza. Mutu wa kati anayesema falanga haiko kitu, umemuona wapi? Na kitu kingine: baisikeli yake ilikuwa ya kubebea samaki, ina kile kikapu kikubwa nyuma, lakini haikuwa na nzi hata mumoja. Baisikeli ya samaki ya Kabuta unaisikia puani kabla haujaiona. Ile haikunuka kitu. Niliona, niamini, niliona yote. Nikajiambia, Mama Polisi, twende tumukamate na huyu.

Tukaacha nyumba za mwisho. Tukapita ufukoni, maji mukono wa kushoto, matete mukono wa kuume. Nikamuuliza mwenye nyumba ni nani. Akasema, "Ni weye." Nikacheka kwa dharau. Nikamuuliza jirani ni nani. Akataja majina ya majirani zangu wa Kilwa, mumoja mumoja, na yule mwenye mbuzi wanaokula sombe yangu, majani yangu ya muhogo. Sikucheka tena. Miguu ilikuwa inataka kurudi, na kitu kingine ndani yangu kilikuwa kinaivuta mbele, ndugu yangu, na kile kitu kilikuwa na nguvu kuliko miguu.

Matete yakaisha. Nyumba yangu ilikuwa pale.

Sikusema nyumba inayofanana na yangu. Yangu. Mulango wa kijani na pale chini ambapo rangi ilimushinda Ilunga. Majani ya paa na kile kipande cha plastiki cha buluu tulichoweka mvua ilipotusumbua. Mupapai ulioinama. Nikaenda jikoni moja kwa moja, kwa kazi yangu niliyoizoea, nikaweka mukono kwenye majivu. Yalikuwa ya moto. Niliposimama, nikasikia mutu anakohoa barazani, na kile kikohozi nilikijua.

Ilunga alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi, wavu magotini, uzi mudomoni. Akanitazama, akautoa ule uzi polepole.

"Umekawia," akasema. "Maji nimefunika."

Nilianguka chini. Sikumushika, nilishika wavu wake tu, ule upande uliokuwa karibu na miye, nikaweka uso humo nikalia. Sijawahi kulia vile, hata kwenye kilio cha kweli. Nilimuambia nimekutafuta, nimekutafutia chumba, nilikuwa nalala jikoni ya watu, usikasirike. Akasema, "Sikasiriki." Sauti yake ilikuwa yake. Ule wavu ulikuwa unanuka ziwa.

Yule komisionere alikuwa amesimama pembeni, kofia mukononi, hana haraka.

"Unaipenda, mama?"

"Garanti yake?" nikauliza bila kumutazama.

"Ule ufunguo." Akaonyesha pembe ya kitenge changu. "Mutu hawezi kukaa nyumba mbili. Unaniachia wa kule, hii inakuwa yako, na watu wake. Hakuna kuhama tena."

Nakuapia sikufikiri. Fundo lilikuwa gumu, nikalikamata kwa meno. Ilunga alikuwa ananitazama na kutabasamu. Fundo likaanza kulegea. Nikaushika ufunguo, nikanyosha mukono, na wakati ule ule mulango wa kijani ukafunguka na mama yangu akatoka.

Mama yangu, na kitambaa chake cha kanisani. Alikuwa na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki. Akapita mbele yangu, akasema, "Ilunga, mwanangu, kula," akamupa sahani mukono kwa mukono. Ilunga akapokea, akamutazama usoni, akacheka naye.

Mukono wangu ukasimama pale hewani.

Kama si mutu wa kwetu hautaelewa, basi nikueleze. Kwetu mukwe na mama mukwe hawaonani usoni. Ni heshima. Hawapiti mulango mumoja, hawali pamoja, hawatajani jina. Mpaka kuna sherehe ya kufungua jambo hilo, na sisi tulikuwa hatujaifanya, hatukuwa na kuku wa kutosha wala wajomba wa kutosha. Siku moja mama alikuja kwetu bila kutuma habari, Ilunga alikuwa ndani. Unajua alipita wapi? Dirishani. Mutu muzima, na suruali yake ikachanika kwenye msumari. Mama akasimama nje akiutazama mupapai, akasema kwa sauti, "Mupapai, muambie mwenye suruali niko na uzi na sindano." Njo vile walivyokuwa wanaongea miaka yote, kwa kupitia mupapai, mbuzi, na miye. Na walipendana kabisa, kwa namna yao. Nilikuwa nacheka peke yangu katikati yao.

Sasa ninaona mama anamuita kwa jina. Anamupa sahani. Nikajua. Mutu aliyejenga nyumba hii alijua rangi ya mulango, alijua mbuzi wa jirani, alijua hata nzi. Lakini aliweka ndani kila mutu niliyemutamani bila kujua nani anaweza kukaa na nani. Hata wale vijana wa malata walikuwa hivyo hivyo, wanakuonyesha kila kitu unachotaka, mpaka wanazidisha.

"Weye mwizi," nikamuambia. "Mwizi weye! Hawa hawakai pamoja!"

Nikaita jina la Yesu kwa sauti kubwa. Unajua alisema nini? Alisema "Amina", kwa adabu, akainamisha kichwa. Halafu akaniambia, bila hasira yoyote, kama mutu anayerekebisha bei:

"Pole, mama. Kosa yangu. Basi nimutoe mumoja. Unataka nani abaki?"

Mama akageuka akanitazama. Ilunga akaweka sahani chini. Wote wawili walikuwa wananingoja, na nyuso zao hazikuwa nyuso za mizimu, zilikuwa nyuso za watu wanaotaka kubaki. Ukitaka kujua kwa nini nywele zangu ziliota mvi mapema, ni pale. Nilijua ni uongo na bado kichwa changu kilianza kuchagua. Kilianza, ndugu yangu. Nilipojisikia nachagua, nikafunga mukono juu ya ufunguo, nikakimbia. Mama aliniita kwa jina langu la utoto. Sikugeuka mpaka nilipoona nyumba za Kabuta, na nilipogeuka, ni matete tu, na maji.

BanaChomba aliniosha uso, akaniuliza, nikamueleza. Hakucheka siku hiyo. Alisema upande ule hakuna nyumba wala haijawahi kuwa, hata wavuvi hawaanikii samaki pale. Akawaambia wageni wake wa Mansa wabanane ndani, nami nikabaki jikoni.

Nilikwenda kumuonya Mama Adele asubuhi. Nilimueleza kila kitu, nilimushika mabega. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Walikuwa wanaongea? Na sauti zao wenyewe?" Nilipaswa kusema uongo, na uongo haukunijia.

Nilipomuona tena, kamba yake ya shingoni haikuwa na kitu. Nilimufuata jioni. Alikuwa kwenye matete, amekaa chini, magoti wazi, mikono mbele yake hewani, vidole vinasuka. Alifurahi kuniona.

"Mama Polisi, karibu, karibu. Adele, salimia mama."

Hakukuwa na mutu. Nikasema, "Jambo, Adele." Ungefanya nini, weye?

Na usifikiri alikuwa na wazimu. Kila asubuhi alikuja sokoni, aliuza chisense, alitania watu, hakuna aliyeweza kumupunja. Kila jioni alisema, "Bon, naenda nyumbani, mutoto ananingoja," akaenda kwenye matete. Mvua zilipokuja tukamujengea kibanda pale, miye na mume wa BanaChomba. Hakuingia, akatuambia aksanti, nyumba anayo. Nilimuona mvua inapiga, niamini, na nguo zake zilikuwa kavu. Baadaye, njia ilipofunguka na watu wakaanza kurudi Pweto, tulimuitia mutumbwi. Akatuaga kwa mukono kama mutu anayeaga wageni wake. Alikuwa amenenepa. Miye nilikuwa nimekonda mpaka pete inatoka kidoleni.

Nilivuka kwenda Kilwa na ufunguo wangu. Nyumba ilikuwa kuta tu. Mulango haukuwepo, labda mutu aliupikia. Nikasimama na ufunguo mbele ya shimo la mulango, na yule jirani mwenye mbuzi akatoka, amezeeka sana, akanishika mukono kabla hajasema kitu.

Aliniambia siku ya askari mama yangu alishindwa kukimbia, muguu ulikuwa umevimba. Ilunga akaenda kwake. Hakupiga odi, aliingia, akamubeba mugongoni. Mukwe amemubeba mama mukwe mugongoni, mbele ya kijiji kizima, na mama anamushika shingo. Ule mutumbwi walioupata ulikuwa mwembamba, wakakaa uso kwa uso, magoti kwa magoti. Na mama alikuwa ametoka na sahani yake. Jirani alikuwa majini mpaka kiunoni anasukuma mutumbwi, aliona kwa macho yake.

"Mama yako alimukatia bukari," akasema, "akamupa kwa mukono, ili apate nguvu ya kupiga kafi. Akamuita jina lake. Na bwana yako akacheka. Risasi zinalia, naye anacheka, anasema, 'Mama, leo muke wangu akituona atakimbia.'"

Walielekea Nchelenge. Walikuwa wanakuja kwangu. Hakuna aliyewaona tena, upande wowote wa maji.

Basi niambie, weye unayejua mambo. Nilimukamata mwizi, au niliwafukuza watu wangu waliokuwa wamefika? Wachungaji nimewauliza. Mumoja alisema ni shetani, mwingine alisema niombe. BanaChomba, Mungu amubariki, alisema, "Mayo, kula kwanza." Hakuna aliyenijibu. Na miye kila nikifumba macho namuona mama anageuka na Ilunga anaweka sahani chini, wananingoja niseme jina.

Kwa hiyo sikiliza onyo langu. Nyumba za wezi wa kawaida, uliza jirani, usitoe garanti kwa mutu asiye na jirani, utapona. Lakini ukiona siku moja tangazo la nyumba yako mwenyewe, ile uliyoipoteza, na mutu mwenye adabu akaja kukuchukua, kimbia palepale, usitazame ndani. Ukitazama umekwisha, ukubali au ukatae. Na ukishakimbia, ukafika kwenu salama, nakuomba kwa jina la mama aliyekuzaa: usije hapa kuniambia yule komisionere ulimuona wapi, maana ufunguo niko nao bado.